Svetlana: Jina Lililozaliwa na Shairi

Wahenga wetu walisema kuwa jina jema hung'ara gizani. Waliposema hivyo hawakuwa na haja na herufi za jina. Walikuwa wakiusifu mwenendo wa mwenye jina. Lakini, msomaji, liko jina moja katika nchi ya Urusi ambalo methali hii yaweza kulielea neno kwa neno, kwa kuwa maana yake ni mwanga, na mahali lilipopata sifa ni katika kisa cha usiku wa kutisha. Jina hilo ni Svetlana. Wengi hulidhania kuwa ni jina la kale mno, lenye umri mmoja na misitu na theluji ya nchi ile. Sivyo. Umri wake ni miaka mia mbili na zaidi kidogo tu, nalo halikuanza katika ukoo wa mtu yeyote. Lilianza katika shairi.

Jambo hili si dogo. Itazame orodha ya majina katika darasa lako. Huyu ni Atieno kwa sababu alizaliwa usiku. Yule ni Achieng' kwa sababu alizaliwa jua likiwaka. Wanjiru amerithi jina la bibi yake. Nuru ametoka katika nyumba ya watu wa pwani, na jina lake ni dua ya wazazi. Petro na Maria wametolewa katika Biblia. Kila mmoja ana aliyemtangulia. Jina hupita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kama moto uombwavyo kwa jirani, kaa moja likawasha jiko jingine. Svetlana wa kwanza hakuwa na jirani wa kumwomba moto. Mwaka 1800 hapakuwa na mtoto wa Kirusi aliyebatizwa kwa jina hilo. Miaka mia moja na hamsini baadaye walikuwapo wengi mno, hata mwalimu aliyemwita mmoja darasani aliweza kuitikiwa na watatu.

Je, shairi lilikuwa na nguvu gani hata jina la binti wa kubuniwa likatoka katika karatasi na kuingia katika vitanda vya watoto wachanga? Mimi naona kuwa jibu halipatikani kwa kuijua maana ya neno peke yake. Yatupasa kulisoma shairi lenyewe na kutazama jina hilo lilifanya kazi gani humo.

Kwanza tulifungue neno. Kwa Kirusi svet ni nuru, na svetly ni kitu chenye nuru, kilicho cheupe kwa mwanga. Mwisho wa -ana umefuata mfano wa majina ya wanawake kama Tatiana. Aliyeviunga vipande hivyo katika tungo alikuwa Aleksandr Vostokov (1781–1864), mwanachuoni wa lugha za Kislavu, ambaye mwaka 1802 alitunga kisa cha mapenzi kiitwacho “Svetlana na Mstislav”. Wakati ule watunzi wa Urusi walikuwa na shauku ya mambo ya kale ya nchi yao. Majina mengi ya kalenda ya kanisa lao yalikuwa ya Kigiriki, Kiebrania na Kilatini, nao walitamani majina yenye sauti ya kwao. Mstislav alikuwa tayari katika historia, kwa kuwa wakuu kadhaa wa kale waliitwa hivyo. Mwanamke wa kumlinganisha naye hakupatikana, ikabidi ashonwe kwa kitambaa kipya.

Vostokov hakuwa mgeni wa kazi ya namna hiyo. Alizaliwa katika kisiwa cha Saaremaa, katika Bahari ya Baltiki, kwa watu wasemao Kijerumani, na jina lake la ukoo lilikuwa Osteneck. Ndani yake mna neno la Kijerumani la mashariki. Mashariki kwa Kirusi ni vostok. Basi akalifasiri jina lake mwenyewe, akawa Vostokov. Mtu awezaye kujifasiri hivyo hataona taabu kumtungia binti jina. Lakini tungo yake haikuvuma. Kama mambo yangaliishia hapo, Svetlana angalilala katika maktaba hata leo.

Aliyemwamsha ni Vasily Zhukovsky (1783–1852), naye pia jina lake lina habari. Baba yake alikuwa mwenye mashamba aitwaye Bunin. Mama yake, Salha, alikuwa mwanamke wa Kituruki aliyetekwa vitani akaletwa Urusi. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakuweza kuitwa kwa jina la Bunin. Akapewa la baba yake wa ubatizo, bwana maskini aliyekuwa akikaa katika nyumba ile. Sitaki kudai kuwa huzuni hiyo ndiyo iliyomfanya Zhukovsky apende jina lisilo na ukoo. Lakini mtu anayejua kuwa jina lake aliazimwa hulisikiliza jina kwa sikio jingine.

Sasa tuje kwenye shairi. Mwaka 1773 mshairi wa Kijerumani, Gottfried August Bürger, alitunga kisa kilichotikisa Ulaya, kiitwacho “Lenore”. Msichana amengoja mchumba wake arudi kutoka vitani. Jeshi limerudi, yeye hakurudi. Msichana analia, anamnung'unikia Mungu, wala hataki kusikia maneno ya mama yake. Usiku wa manane mpanda farasi anabisha mlangoni: ni mchumba! Anampakia, wanakwenda mbio usiku kucha, na safari yaishia makaburini, kwa maana aliyempakia ni maiti. Zhukovsky alikipenda kisa hiki kupita kiasi. Mwaka 1808 alikifuma upya kwa Kirusi akamwita msichana Ludmila, jina la kweli la kale, lenye mtakatifu wake katika kalenda. Naye Ludmila akaenda kaburini kama Lenore. Mwaka uo huo alianza kukifuma mara ya pili, kazi iliyomchukua hata mwaka 1812, na shairi likapigwa chapa mwaka 1813. Safari hii alimwita msichana Svetlana. Na safari hii msichana hakufa.

Msomaji, litafakari hilo. Mtunzi ni yule yule, kisa ni kile kile, mchumba ni yule yule asiyerudi. Lililobadilika kwanza ni jina. Tena mwaka 1831, alipokifasiri kisa cha Bürger kwa uaminifu na kumrudishia msichana jina la Lenora, kaburi nalo likarudi. Kwa hiyo alikishughulikia kisa hiki mara tatu, na ni mwenye jina la nuru peke yake aliyeona asubuhi.

Kisa chenyewe chaanza usiku wa kuamkia sikukuu ya Epifania, katikati ya baridi kali, wakati ambapo wasichana wa Urusi walizoea kupiga ramli ili wawajue waume zao. Wanavua viatu na kuvitupa nje ya lango. Wanacheka na kuimba. Svetlana peke yake hacheki. Mpenzi wake ametoweka mwaka mzima bila barua. Wenzake wanamhimiza, naye anaketi peke yake mbele ya kioo, mshumaa karibu, meza imetandikwa kwa watu wawili. Kisha ananong'onezewa kuwa mpenzi amekuja. Wanapanda gari lisilo na magurudumu, lile linaloteleza juu ya theluji, farasi wanaruka, na bwana yule hasemi neno, amepauka kama mwezi. Wanapita kanisa, mlango uko wazi, na ndani watu wanamwombea marehemu. Wanafika kwenye kibanda. Ghafula farasi, gari na mchumba, vyote vimetoweka, na Svetlana yuko peke yake thelujini. Anaingia kibandani: mna jeneza, na juu yake nguo nyeupe.

Hapa ndipo ninapokuomba usome polepole. Mtunzi angeweza kulijaza giza lote katika kibanda kile. Hakufanya hivyo. Ametia taa ndogo pembeni, chini ya picha takatifu, na Svetlana anajikunyata hapo akiwa na msalaba mkononi. Kisha yuaja njiwa mweupe, mwenye macho mang'avu, anatua kifuani pake na kumkumbatia kwa mbawa. Maiti anapoinuka, njiwa anamrukia, naye anaishiwa nguvu. Msichana anautazama uso wa maiti: ni mpenzi wake! Ndipo anapoamka, mbele ya kioo kile kile. Jogoo anawika, kumekucha. Kengele ya farasi inasikika mbali, mgeni anapanda ngazi za nyumba: mchumba amerudi, mzima, na mapenzi yake hayakupungua.

Wako wasomaji waliolichukia umalizio huo. Husema kuwa kuamka usingizini ni hila ya mtunzi aliyeshindwa kumaliza hadithi yake. Ni shtaka zito, na katika hadithi nyingi ni la haki. Hata wewe, ukimaliza insha yako kwa kusema kuwa yote yalikuwa ndoto, mwalimu atakutia alama nyekundu. Lakini hapa silikubali. Ndoto ya Svetlana haikubandikwa mwishoni kama kiraka. Tangu beti za mwanzo mtunzi amekuwa akihesabu taa: mshumaa wa kioo, mwezi hafifu, mwanga wa kanisa, taa ya kibanda, macho ya njiwa. Kila giza likizidi, kitu kimoja kidogo kinawaka. Na tangu mwanzo msichana hamnung'unikii Mungu kama Lenore. Ana huzuni, lakini anaomba. Mwenye kusikia maana ya jina lake huona kuwa asubuhi imo ndani ya jina kabla ya kufika katika hadithi. Jina ni hoja ya shairi. Mwite msichana huyu Lenore, na mchumba anayerudi asubuhi atakuwa uongo.

Kasoro naiona mahali pengine, katika beti za mwisho, ambapo Zhukovsky anaacha kusimulia, anatutolea mawaidha juu ya kuyategemea maongozi ya Mungu, kisha anamtakia Svetlana asizijue kamwe ndoto mbaya kama zile. Mawaidha hayo ni baridi baada ya njiwa yule. Njiwa alikwisha sema yote, bila kufungua mdomo.

Hata hivyo matakwa yale ya mwisho yana historia yake, nayo si ya furaha. Shairi lilitolewa kuwa zawadi ya arusi kwa Aleksandra Protasova, binti wa dada yake mtunzi kwa baba. Rafiki zake wote wakaanza kumwita Svetlana. Aliolewa mwaka 1814 na mwandishi Aleksandr Voeikov, mtu mkali, akaishi naye katika dhiki. Akafa mwaka 1829 mjini Livorno, Italia, alikokwenda kutafuta afya, umri wake miaka thelathini na minne haijatimia. Hivyo Svetlana wa kwanza mwenye damu na nyama hakupewa alichotakiwa katika shairi.

Mshairi mkuu Aleksandr Pushkin aliliona jambo hilo kwa jicho kali. Katika riwaya yake ya mashairi, “Yevgeny Onegin”, anamlinganisha Tatiana na Svetlana kwa huzuni na ukimya wake. Kisha katika sura ya tano ameyaweka yale matakwa ya Zhukovsky mlangoni, juu kabisa, na mara tu tukiingia twamkuta Tatiana akipiga ramli, kioo chini ya mto wake, akiota ndoto ya kutisha. Tofauti ni hii: ndoto ya Svetlana hubatilishwa na asubuhi, na ya Tatiana hutimia, kwa kuwa aliyechomwa kisu ndotoni huuawa kwa bastola siku chache baadaye. Pushkin alilipenda shairi la Zhukovsky, naye alilijibu. Soma mawili hayo pamoja, nawe utaona jinsi watunzi wanavyozungumza bila kukaa chumba kimoja.

Kwa miaka mingi jina lilikaa katika vitabu na mizaha. Zhukovsky mwenyewe, mtu mzima mnene na mpole, aliitwa Svetlana na wenzake katika chama cha waandishi kilichoitwa Arzamas (1815–1818), ambamo kila mmoja alibandikwa jina kutoka katika mashairi yake. Lakini mzazi aliyetaka kumpa bintiye jina hilo alikutana na padre. Kanisa la Kiorthodoksi lilitaka mtoto aitwe kwa jina la mtakatifu, na mtakatifu Svetlana hakuwapo. Hali hiyo si ngeni kwetu. Wazee wengi wa Kenya waliobatizwa misheni waliambiwa wachague jina katika orodha ya wageni. Warusi wengine walipata njia ya pembeni: binti alibatizwa Fotinia, jina la Kigiriki lenye maana ile ile ya nuru, ambalo mapokeo humpa mwanamke Msamaria aliyezungumza na Yesu kisimani. Kanisani Fotinia, nyumbani Svetlana.

Vitu visivyo na roho havikuhitaji mtakatifu, navyo vikalipata jina mapema kuliko watoto wengi. Mwaka 1858 manowari ya matanga ya Urusi, iliyojengwa Bordeaux, Ufaransa, iliitwa Svetlana. Manowari nyingine ya jina hilo ilipita mfereji wa Suez na kushuka katika Bahari yetu ya Hindi hadi Madagaska, ikielekea vita vya Japani, ambako ilizamishwa huko Tsushima mwezi wa Mei 1905. Na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kiwanda kimoja cha St Petersburg kilianza kutengeneza taa za umeme kwa jina la Svetlana. Nadhani Zhukovsky angalicheka: mshumaa wake umetiwa katika chupa na kuuzwa dukani.

Mlango ulifunguka baada ya Mapinduzi ya 1917. Mwanzo wa mwaka 1918 serikali mpya ilitenga dini na dola, na uandikishaji wa watoto ukatoka mikononi mwa mapadre. Wazazi wakawa huru kuita watakavyo, na baadhi yao waliutumia uhuru huo vibaya. Waliwaita watoto wao Oktyabrina, kwa mwezi wa mapinduzi, au Ninel, ambalo ni Lenin lililosomwa kinyumenyume. Katikati ya majina hayo ya mabango, Svetlana lilikuwa na bahati ya pekee. Halikuwa la kanisa, basi serikali haikulichukia. Wala halikuwa la bango, basi bibi hakuona haya kuliita uani. Lilikuwa la Kirusi, tamu mdomoni, na lilinena habari ya mwanga wakati ambapo nyaya za umeme zilikuwa zikifika vijijini.

Wako wasemao kuwa jina lilienea kwa sababu ya binti wa Stalin, Svetlana, aliyezaliwa mwaka 1926. Hapana shaka kuwa lilisaidiwa, maana picha zake akiwa na baba yake zilionwa na wengi. Lakini neno hilo peke yake halinitoshi. Stalin alikuwa na mamlaka ya kutisha, na majina mengi yaliyobuniwa kwa heshima ya watawala yamekufa pamoja na heshima hiyo. Svetlana liliendelea kustawi miaka mingi baada ya Stalin kufa mwaka 1953. Jina lililoegemea kiti peke yake huanguka kiti kikianguka.

Binti huyo naye alilichukua jina lake safari ndefu. Alilitupa jina la Stalin na kutwaa la mama yake, Alliluyeva. Mwaka 1967 aliikimbia nchi yake. Huko Marekani aliolewa mwaka 1970, akajiita Lana Peters, akafa kwa jina hilo mwaka 2011 katika jimbo la Wisconsin. Litazame jina lile jipya: amelikata lile la kwanza katikati, na kipande alichokiacha nyuma ndicho chenye nuru.

Wengine wamelivaa kwa namna nyingine. Svetlana Savitskaya, mwaka 1984, alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka nje ya chombo na kuelea katika anga za juu. Wapenzi wa riadha watamkumbuka Svetlana Masterkova, aliyeshinda mbio za mita 800 na 1500 katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, 1996. Na Svetlana Alexievich wa Belarusi, aliyekusanya sauti za watu walioiona vita na maafa ya Chernobyl, alipewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 2015. Huyu wa mwisho amekaa katika kibanda chenye jeneza kuliko wenzake wote.

Huenda ukauliza: mbona majina ya vitabu vyetu hayajafanya hivi? Shaaban Robert alituachia Adili, na nduguze Hasidi na Mwivu, alituachia Utubora. Mimi sijakutana na mtoto aitwaye Utubora. Jina hilo ni zuri kitabuni, lakini humtwika mtoto hukumu kabla hajatenda kosa wala jema. Utubora anaambiwa awe nani. Svetlana anatakiwa heri tu.

Siku hizi jina hili limeanza kuwa adimu tena. Wazazi wa Urusi wamerudia majina ya kalenda, Sofia, Maria na Anastasia, na mtoto mchanga aitwaye Svetlana hasikiki mara nyingi. Wenye jina sasa ni daktari wa makamo, mwalimu mkuu, bibi auzaye maua sokoni. Shairi lenyewe bado lafundishwa katika shule zao. Kila mwaka wasichana wa umri wako hufungua kitabu darasani, wakafika mahali pa kioo na mshumaa, wakalikuta humo jina la bibi yao.